Barua kwa mwanangu: Hesabu vyumba kabla ya vichwa

Mkomani, Lamu

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeusoma baada ya isha, nikamsomea na mamako. Unauliza: "Baba, tukitaka kuwapandisha nyote meli ya kitalii kutoka Durban Desemba mwakani, watu 13, siku nne, kila mmoja wetu achange ngapi?" Mamako alicheka. Akasema mtu aliyetandika vitanda vya meli hizo miaka tisa kuulizwa swali hilo ni kama nahodha kuulizwa maji yanajaa saa ngapi: hatanyamaza mpaka alfajiri.

Umechukua bei ya tangazo ukaizidisha mara 13. Ndipo ulipoteleza. Bei ile ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Anayelala peke yake mara nyingi hulipia na kitanda kitupu, karibu bei mbili. Wa tatu na wa nne katika chumba hichohicho kwa kawaida hupunguziwa, maana wao hulala vitanda vya kushushwa darini usiku, na asubuhi mtu kama mimi huja kuvirudisha juu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza pesa, uliza nani analala na nani.

Tuweke mfano: bei kamili dola 400, ya wa tatu na wa nne dola 150. Mimi na mamako chumba kimoja, kakako na mkewe na watoto wao wawili kingine. Mdogo wako hajaoa. Ukimpa chumba chake peke yake, wavulana wako wawili ukawabana na nyinyi, na Bibi akalala na bintiyo mkubwa, jumla ni dola 4,600. Ukimtoa yule mvulana mkubwa ukamlaza kwa mjomba wake, jumla inashuka hadi 4,450, nanyi mnapata pa kunyoosha miguu. Vyumba ni 5 vilevile. Usiote kuwarundika wajukuu wote pamoja wajilinde wenyewe. Meli nyingi zinataka mtu mzima kila chumba.

Vyumba vyenye roshani viache. Wewe uliyezaliwa ukisikia maji yanapiga ukuta wa gati, utalipia dirisha la kuyatazama? Chukua vya ndani, ghorofa za chini, katikati ya meli. Ndivyo vya bei nafuu na ndivyo visivyoyumba sana. Cha Bibi tu kiwe karibu na lifti, hata kikizidi kidogo.

Sasa yale yasiyoandikwa kwa herufi kubwa. Chakula cha kawaida kimo ndani ya nauli. Soda, kahawa za mashine, migahawa maalumu, intaneti, kufuliwa nguo, picha na matembezi ya bandarini, hivyo vyote ni juu yako. Kodi za bandari, kampuni nyingine huziweka kando ya bei. Halafu kuna bakshishi, ambayo siku hizi hukatwa moja kwa moja, kwa kila mtu, kila siku, na watoto wamo. Meli kubwa za Kimarekani nyingi hutoza kati ya dola 16 na 20. Za kwingine huenda zikapungua, lakini wewe andika 16: mara watu 13, mara siku 4, ni dola 832. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni zaidi ya laki moja ambayo hakuna aliyeichanga. (Usiombe ifutwe. Mimi nimeilia wali.)

Ndani ya meli hakuna anayeshika noti. Kila mmoja hupewa kadi. Ni hiyo inayofungua mlango, na ni hiyo anayoipitisha mtoto kwenye kaunta ya soda bila kuuliza mtu. Usiku wa mwisho, mizigo ikishatolewa kwenye ujia na vibandiko vyake vya rangi, sisi tulikuwa tukipita na bahasha za hesabu ya kadi tukizisukuma chini ya milango. Alfajiri moja niliingia kuchukua mashuka nikamkuta baba wa watu ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali mguu mmoja, karatasi mkononi, anahesabu soda kwa kidole. Zilikuwa 41. Mkewe amegeukia ukutani. Taulo niliyowakunjia tembo jana yake bado iko juu ya meza, imevalishwa miwani. Kadi za watoto zinaweza kufungwa zisinunue kitu, na ni ombi la dakika mbili kwenye dawati la wageni siku ya kwanza. Uliombe kabla hujatafuta bwawa liko wapi.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mbuzi. Unamkumbuka mbuzi wa safari yetu ya kisiwani Kiwayu? Ulikuwa darasa la sita. Tulikodi jahazi watu 10, tukachanga sawasawa, siku ya safari gatini wakaja 17. Upepo ukalala kabla ya Faza, ikabidi mashine iwashwe, dizeli ikanunuliwa. Kiwayu mtu akasema "tuchinjeni," akachinja, na hadi leo hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyesema. Shangazi yako alilipa. Kila harusi anatukumbusha.

Kwa hiyo kabla ya arbuni, malipo ya kwanza ya kushika nafasi, kaeni watoto wangu watatu mseme nani analipa nini. Mimi ningegawa hivi: nauli ya wazee watatu mchange nyinyi, kila mwenye watoto alipe wake, na anachonunua mtu kwa kadi yake ni chake. Kakako msimu huu biashara yake imelegea, nawe unajua. Usimuulize mbele ya mkewe. Kama hawezi, afadhali safari isogezwe kuliko aende kwa mkopo akae siku nne akihesabu. Arbuni ikishalipwa, salio hudaiwa miezi miwili, mitatu kabla ya safari, na baada ya hapo anayejitoa harudishiwi kitu, au hurudishiwa kidogo.

Na meli yenyewe huenda isiwe ndiyo ghali. Kutoka hapa uwanja wa ndege wa Manda hadi Nairobi, Nairobi hadi Durban, watu 13, Desemba! Anza na nauli ya ndege, ndipo ujue kama safari ipo. Mfike Durban siku moja kabla. Meli haingoji ndege iliyochelewa. Afrika Kusini pasipoti ya Kenya haitaki viza tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka, lakini uliza sharti la kila bandari mtakayoshuka. Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa, na sindano idungwe angalau siku 10 kabla ya safari. Bibi kwa umri wake asidungwe kabla ya kumwona daktari. Bima msiikwepe, kwani zahanati ya meli hulipwa kama hoteli. Chakula cha halali omba wakati wa kuweka nafasi, usingoje mezani.

Kuhusu Bibi, nilimweleza kwamba pasipo na gati abiria hushushwa kwa boti ndogo, mtu hushikwa mkono. Akaniangalia kama mjinga. "Mimi ndia ya mai naiyua," akasema, yaani njia ya maji anaijua, na mkongojo wake akaugonga sakafuni. Lakini pasipoti hana. Anza na yake.

Nitumie majina yote kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, nami nikuchoree vyumba. Bibi anaulizia pia kama atapata pa kuchemshia kahawa yake ya tangawizi. Nimemwambia chumbani moto hauruhusiwi. Ananuna tangu adhuhuri.

Babako