Mbwa anayebweka kila ukianza kikao cha mtandaoni

Dada wa Shangani, Mtwara, umesema mbwa wako wa miezi 8 hubweka na kukwaruza mlango kila ukiingia kikaoni, na majirani wameanza kununa. Kumfunga mnyororo mchana kutwa hakusaidii, kutamzidishia ukali tu.

Mchoshe kabla ya kazi. Alfajiri mpeleke ufukweni na kamba yake, akimbie mpaka ulimi uning'inie. Akishapumua vizuri, mpe chakula; hapo atalala mwenyewe. Saa sita mchana usithubutu kumtoa: mchanga wa Mtwara jua likiwa utosini huunguza nyayo, na mbwa hatoki jasho kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema. Kikao kikikaribia mpe kitu cha kuguguna, kama mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe. Wa kuku uliopikwa hapana, huvunjika vipande vyenye ncha vikamchoma utumbo. Ila mpe akiwa ametulia. Ukimpa anabweka, umemlipa mshahara wa kubweka.

Msimu wa korosho fagia uwanja, maganda mabichi yana mafuta yanayobabua mdomo.

Majirani nao, kwa kweli, wana haki yao. Wengi wanaswali, na mbwa kumlamba mtu aliyekwisha kutawadha ni udhia, kwa hiyo geti lifungwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa mpe kila mwaka na cheti ukitunze. Ipo siku jirani atakiulizia.