Siri ya Mtoto Mbele ya Kikao cha Ukoo

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Ninashughulikia suala la binti wa miaka 12 aliyefiwa na wazazi wote wawili, ambaye ndugu wanataka kupanga atalelewa na nani. Chuoni tulifundishwa kumsikiliza mtoto faraghani na kumtunzia siri, lakini wazee wanasema mambo ya yatima huzungumzwa kikaoni, na mgeni anayejifungia na mtoto wao anawadharau. Nifuate maadili ya kazi au mila?

JIBU: Ndugu Afisa, mambo hayo mawili hayapingani kwa kiasi unachohofia. Tamko la kimataifa la maadili ya kazi yetu, la mwaka 2018, linakubali kwamba pale ambapo watu huishi kijumuiya, siri inaweza kuwa ya wengi kwa ridhaa yao wenyewe, ilimradi haki ya mtu mmoja mmoja haivunjwi. Wazee hao ndio watakaomlea binti baada ya wewe kufunga jalada lake. Kwa hiyo hudhuria kikao, na uwaamkie kabla hujafungua daftari.

Hata hivyo, mtoto aliyeketi mkekani karibu na mlango, akizungukwa na wajomba na baba zake wadogo, atajibu "ndiyo, babu" kwa kila atakaloulizwa, na jibu hilo si ridhaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika uamuzi unaomhusu. Basi siku chache kabla ya kikao, nenda kawajulie hali, na wakati wa kuaga omba binti akusindikize. Mila ileile inayochukia mjifungie chumbani huona aibu mgeni akiondoka peke yake. Mkitembea taratibu hadi barabarani, machoni pa watu lakini mbali na masikio yao, utamuuliza angependa kukaa kwa nani, anamwogopa nani, na lipi kati ya hayo anaruhusu lisemwe kikaoni. Asiloliruhusu usiliguse hata kwa mafumbo, kwa kuwa kijijini fumbo hufumbuliwa kabla ya jioni.

Usimwahidi, lakini, kwamba kila kitu kitabaki siri. Akikueleza kuwa anapigwa au ametendewa uchafu, unawajibika kisheria kutoa taarifa, na jambo hilo halimalizwi kifamilia hata ukoo ukitoza faini ya ng'ombe. Mweleze hivyo kabla hajaanza kuzungumza, na wazee nao waelezwe mapema, wasije wakaona umewageuka.