Post-panki: besi ilipandaje juu, na kwa nini yako inazama

Mkuu aliyefungua uzi ameuliza mambo mawili: post-panki, yaani roki iliyofuata panki huko Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, iliachana na panki wapi, na kwa nini akijirekodi nyumbani besi yake inamezwa na gitaa badala ya kutembea juu juu kama ya Joy Division, bendi ya Manchester. Yote mawili yana jibu moja. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi ndani ya bendi. Ukibakiza mgawanyo wa zamani, hata ununue pedali za mshahara mzima, utapata panki yenye mwangwi tu.

Neno kwanza, maana naona watu wameanza kubishana kuhusu nywele. Kwetu panki ni mkato wa kinyozi, na ndiyo, jina la mkato huo limetoka kwenye muziki huu. Muziki wenyewe ulikuwa roki iliyovuliwa nguo: kodi tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), sauti imejaa mpaka inakwaruza, mwendo wa mbio, dakika mbili au tatu kwisha. Besi ilifuata mzizi wa kodi, noti yake ya msingi, kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya mama. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols, bendi ya panki ya London, walipiga Lesser Free Trade Hall, Manchester. Ukumbi haukujaa, ila Bernard Sumner na Peter Hook, gitaa na besi wa baadaye wa Joy Division, walikuwemo, na Hook alinunua besi kesho yake bila kujua kuipiga. Waandaaji wa onyesho hilo, Howard Devoto na Pete Shelley wa bendi ya Buzzcocks, waliingia studio Desemba mwaka huo huo, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja, na Januari 1977 wakatoa Spiral Scratch kwa lebo yao wenyewe: pauni 500 za kukopa, nakala 1,000 za kwanza. Prodyuza alikuwa Martin Hannett. Shikilia jina hilo.

Kilichoivunja fomula ile ni Jamaika. Klabu ya Roxy mjini London, mwanzoni mwa 1977, ilikuwa na DJ anaitwa Don Letts, kijana wa wazazi wa Kijamaika. Santuri za panki zilikuwa bado hazijafika za kutosha kujaza usiku mmoja, basi akawa anapiga rege na dabu kati ya bendi na bendi. Dabu ni muziki wa fundi mitambo: anauchukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, anazima sauti ya mwimbaji, anakata gitaa, anaacha besi na dramu, kisha anarudisha vipande kimoja kimoja vikiwa na mwangwi. Vijana wale wakasikia kwa masikio yao kwamba besi inaweza kuubeba wimbo peke yake, na kwamba kimya nacho ni ala.

John Lydon, mwimbaji wa Sex Pistols, alipoachana nao Januari 1978 akaunda bendi ya Public Image Ltd, na besi akampa Jah Wobble, rafiki yake mlevi wa rege. Novemba 1979 wakatoa albamu ya Metal Box: santuri tatu za inchi 12, mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika, ndani ya kopo la chuma. Wengi huliona kopo na kudhani ni mbwembwe. Jambo zito ni zile 45. Besi nzito huufanya mfereji wa santuri uyumbe kwa upana. Ukibana dakika 25 upande mmoja kwa mwendo wa 33, mifereji inasongamana, na fundi wa kukata santuri hana budi kupunguza besi au kushusha sauti nzima. Dakika 60 za muziki zikitawanywa kwenye pande sita, kila upande una dakika kumi hivi, na besi inapata uwanja. Gharama yake ni kwamba santuri zilikaa kwa kubanana humo koponi, zimetenganishwa na karatasi tu, na wengi walizikwaruza siku ya kwanza wakizichokonoa zitoke. Mwaka huo huo Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na mpigaji wa bendi ya rege ya Matumbi, ndiye aliyezalisha albamu mbili za post-panki, Cut ya The Slits na Y ya The Pop Group. Anayekuambia post-panki ni muziki wa Wazungu wenye huzuni, mpe hizo mbili.

Sasa besi ya Hook. Mtindo wake ulizaliwa na shida ya vifaa. Amplifaya ya Sumner ilikuwa na kelele, spika ya Hook ilikuwa hafifu, na nyuzi za chini hazikusikika kabisa mazoezini. Akapanda juu kwenye shingo ya besi, kwenye noti za juu, ili ajisikie. Angalia hesabu yake. Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi ni kama Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), wa G ni Hz 98. Uzi huo wa G ukiushika freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya 12 unapata Hz 196, na uzi mzito wa gitaa la kawaida unaanzia Hz 82. Maana yake besi imehamia nyumbani kwa gitaa. Wawili hawakai chumba kimoja, mmoja ahame, na katika post-panki anayehama ni gitaa. Kosa lako mkuu liko hapo: umepandisha besi, halafu gitaa umeliacha linapiga kodi kamili za nyuzi sita zenye ukakasi, zimejaa tangu Hz 100 hadi 2,000. Hata Hook mwenyewe angezama.

Fanya hivi. Besi ipigwe kwa piki (kijiplastiki cha kukwanyulia nyuzi), karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, nyuzi mpya za chuma zenye mikwaruzo, siyo zile bapa laini. Melodi iende uzi wa G kati ya freti ya 5 na 14, na wimbo ukiwa kwenye D acha uzi wa D uvume wazi chini yake. Kwenye ikwalaiza kata kila kitu chini ya Hz 60, ongeza desibeli 3 kuzunguka Hz 900. Kompresa, ile inayobana sauti kubwa zisiruke, uwiano wa 4 kwa 1, ishushe desibeli 4 hadi 6 pale unapopiga kwa nguvu. Pedali ya korasi, inayofanya ala moja isikike kama mbili zinazoyumbayumba, iwe ya mwisho: mwendo wa polepole, kama mzunguko mmoja kila sekunde mbili, kiasi asilimia 30 hadi 40. Hook alitumia Clone Theory ya Electro-Harmonix, lakini korasi yoyote ya programu ya bure inatosha. Kinachoharibika mara nyingi ni kuweka korasi kwenye noti za chini, sehemu ya chini ikaanza kuyumba na wimbo wote ukasikika kama haujatyuniwa. Nakili treki ya besi mara mbili: moja ya chini ya Hz 150 ibaki kavu, nyingine ya juu ya hapo ndiyo ipate korasi.

Gitaa lishushwe cheo. Kata chini ya Hz 200, tumia pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) ya karibu na daraja, nyuzi tatu za juu tu, na mkono wa kushoto uwe unazima sauti mara kwa mara. Andy Gill, mpiga gitaa wa bendi ya Gang of Four, Leeds, alizikwepa makusudi amplifaya za valvu zenye joto, akataka za transista kwa sababu zinakata kama kioo. Hilo linaturahisishia sisi: amplifaya ya transista ya bei ya chini ambayo wapiga blues wanaicheka ndiyo hasa inayotakiwa. Sikiliza albamu yao Entertainment! ya 1979 uhesabu ni mara ngapi gitaa limenyamaza kabisa.

Dramu ndipo Hannett alipofanya maajabu, na ndipo wengi wanapokosea. Joy Division, Hannett akiwa prodyuza, walirekodi albamu ya Unknown Pleasures Aprili 1979, Strawberry Studios, Stockport. Hannett hakutaka sauti ya snea (ngoma ndogo kali) iingie kwenye maiki ya kiki (ngoma kubwa ya mguu), kwa hiyo alimdai mpiga dramu Stephen Morris sauti ya kila ngoma ikiwa safi, pengine kipande kwa kipande. Akishazipata zikiwa zimetengana, anaweza kuifanyia kila moja vituko vyake bila kugusa jirani. Chombo chake kikubwa kilikuwa dilei (kifaa cha kurudia sauti baada ya kuichelewesha) ya kidijitali ya AMS, kampuni ya Burnley, kitu kigeni kabisa wakati huo. Aliitumia kutengeneza chumba kisichokuwepo. Sauti husafiri mita 3.4 hivi kwa milisekunde 10, kwa hiyo dilei ya milisekunde 30 inaliambia sikio kwamba kuna ukuta kama mita 5 kutoka hapo.

Kwa mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, gawa 60,000 kwa 130 upate milisekunde 462 hivi kwa pigo, nusu yake 231, robo yake 115. Kwenye snea weka dilei mbili: ya kwanza milisekunde 30, kavu, desibeli 8 chini ya sauti yenyewe, ya pili milisekunde 115, rudio moja tu, desibeli 12 chini, na ukate kila kitu juu ya Hz 4,000 ili iwe na giza. Kiki usiiguse. Hai-hati, yale matoazi mawili ya mguu, isukume pembeni kidogo. Usimwage mwangwi mrefu juu ya kila kitu. Ule ubaridi unatokana na sauti kavu kabisa iliyokaa jirani na mwangwi mmoja unaosikika wazi. Mwangwi ukiwa kila mahali, sikio halina cha kulinganisha, na kinachobaki ni ukungu. Na usishangae bendi yako ikilalamika: Sumner na Hook wenyewe waliposikia santuri ile hawakuipenda, waliona Hannett ameinyang'anya ukali wa jukwaani.

Kuna mchangiaji ameuliza kama sisi wa huku tumo popote katika habari hii. Tumo, kupitia Burundi, na siyo kwa njia ya kujivunia sana. Mwaka 1967 Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi wapiga ngoma 25 katika kijiji kimoja cha Burundi. Lebo ya Ocora ikaitoa 1968. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja akabandika kinanda na gitaa juu ya rekodi ile ile, akaiita "Burundi Black". Baadaye Malcolm McLaren, meneja wa zamani wa Sex Pistols, akalipwa pauni 1,000 na Adam Ant, mwimbaji wa bendi ya London Adam and the Ants, ili amshauri. McLaren akampa kaseti yenye ngoma zile, halafu Januari 1980 akamchukulia bendi nzima na kuifanya Bow Wow Wow. Adam akakusanya watu wapya, wakiwemo wapiga dramu wawili, Chris Hughes na Terry Lee Miall, wakatoa albamu ya Kings of the Wild Frontier, iliyofika namba 1 Uingereza. London ikawa inasema "mdundo wa Burundi". Jina la nchi likajulikana, majina ya wale 25 hapana.

Anayetaka kuupiga aanze na asili yake. Katika ngoma za Burundi kuna inkiranya inayokaa katikati na kuongoza, amashako zinazoshika pigo moja lisilokatika, na ibishikizo zinazomfuata kiongozi. Adam and the Ants waliyafinya hayo kwenye dramu mbili. Kwenye kompyuta weka tomu (ngoma ya dramu isiyo na mkwaruzo wa snea) ya chini ipige mfululizo mapigo 16 kwa kila duru, hiyo ndiyo amashako yako, na nguvu ya mapigo iwe inapanda na kushuka kidogo. Juu yake dramu ya pili ipige mikazo ya inkiranya. Usitumie sampo (kipande cha sauti iliyorekodiwa) ile ile kwa dramu zote mbili: mawimbi yakigongana sauti inajifuta na tomu inageuka kopo tupu. Chukua sampo nyingine, ishushe nusu toni, ichelewe milisekunde 15, moja kushoto nyingine kulia. Matoazi yaondoe yote.

Kuhusu urithi sitakaa sana, maana orodha ni ndefu. Ian Curtis, mwimbaji wa Joy Division, alifariki 18 Mei 1980, waliobaki wakawa New Order, na "Blue Monday" ya 1983, iliyojengwa juu ya mashine ya dramu ya Oberheim DMX, ikawa daraja kati ya gitaa na muziki wa klabu. Hannett huyo huyo aliwarekodi ESG, akina dada wa South Bronx, New York, na kipande chao "UFO" cha 1981 kimechotwa na maprodyuza wa hip hop mara zisizohesabika. Miaka ya 2000 walikuja Interpol na Bloc Party, siku hizi kuna Fontaines D.C. wa Dublin, na Molchat Doma walioanzia Minsk, Belarusi, ambao vijana wengi wamewafahamu kwa TikTok. Kwa maoni yangu hao wa mwisho wameichukua baridi wakaiacha dabu, ndiyo maana albamu nzima inachosha kidogo.

Mkuu, ukirudi usipandishe wimbo uliokwisha kuchanganywa. Pandisha besi peke yake ikiwa kavu, kiki na snea faili mbili tofauti, na gitaa bila pedali, zote WAV, kilele kisizidi desibeli -6. Na useme wimbo uko kwenye ufunguo gani, ili tujue kama uzi wa D utakusaidia kuvuma au itabidi uhamie A.