Usinunue gari la kifahari kabla hujalipandisha mlima

Wiki iliyopita binamu yangu, aliyemaliza chuo Iringa mwaka jana, alinitumia picha saba za sedani nyeusi ya Kijerumani. Viti vya ngozi, dirisha la juu, rimu zinang'aa mpaka unajiona. "Dada, namba D, milioni kumi na tatu, lipo hapa hapa Mbeya, mtaa wa Forest, mwenyewe ana shida ya haraka. Nichukue?" Nilimuuliza swali moja tu: fundi wako ni nani? Akanyamaza, kisha akaandika, "Si nitampata tu hapo Mbeya?"

Nami niliwahi kusema hivyo hivyo. Maneno hayo yalikula akiba yangu ya miaka miwili, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi Mbeya, na baada ya miaka miwili ya kubana matumizi nikaona nimefika umri wa kukaa kwenye kiti cha ngozi. Sioni aibu kwa hilo. Mtu aliyepanda daladala tangu kidato cha kwanza ana haki ya kutaka gari lililotulia, lenye kiyoyozi kinachofanya kazi na mlango unaofungwa bila kelele. Nilikwenda Dar es Salaam, dalali akanitembeza, nikalikagua gari dakika ishirini mchana, kwenye barabara tambarare, injini ikiwa tayari imeshapashwa moto. Lilitembea kama linateleza. Nikalipa.

Morogoro nilipita salama, Mikumi nikapita salama. Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu ndoo moja ya kumpelekea mama. Kisha ukaja Mlima Kitonga. Mbele yangu kulikuwa na semitrela inayopanda mwendo wa mtu anayetembea, nyuma yangu lori la mafuta, na hakuna pa kupita. Dashibodi ya gari lile haikuwa na mshale wa joto la maji. Ilikuwa na taa tu, na taa ile ilipowaka nyekundu, maji yalikuwa yameshachemka kitambo. Nilisimama kwenye kona, mikono inatetemeka. Utingo wa lile lori alishuka na mawe mawili, akayaweka nyuma ya tairi zangu kabla hata ya kunisalimia. Nilipotaka kufungua kifuniko cha maji akanishika mkono. "Dada, acha. Itakuunguza uso. Tusubiri." Tulisubiri karibu saa nzima, harufu ya vitunguu na ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyoungua zikiwa zimechanganyika. Yule kijana namwombea heri mpaka leo.

Kilichokufa ni pampu ya maji. Kwenye magari mengi ya zamani pampu huzungushwa na mkanda wa injini, na kabla haijafa huanza kuvuja au kupiga kelele, kwa hiyo unapata taarifa. Ile ilikuwa ya umeme. Ya namna hiyo inaweza kuzima ghafla, bila tone moja kuanguka chini. Nilipofika Mbeya, gari likiwa juu ya lori, fundi alifungua akakuta silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda. Spea ya kwanza ilikuja na basi kutoka Dar, ikawa siyo yenyewe. Ya pili ikafika baada ya siku nne. Halafu kompyuta ya gari ikahitaji mashine ambayo mafundi niliowafahamu hawakuwa nayo, nikamlipia fundi nauli na malazi aje kutoka Dar. Gari lilikaa gereji wiki saba, mimi naenda kazini kwa bodaboda kwenye baridi ya Juni.

Sisemi magari ya Kijerumani ni mabaya. Wapo watu wanayatunza kwa ratiba na yanawafikisha mbali. Ninachosema ni kwamba gari la kifahari lililotumika linakuja na mahitaji yote ya bei yake ya zamani. Lilipokuwa jipya lilikuwa la mtu mwenye fedha nyingi, na pampu yake haijui kwamba sasa limenunuliwa na mtu anayekatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na Bodi ya Mikopo.

Kwa hiyo safari ya pili sikuanza na picha za mtandaoni. Nilianza gereji. Jumamosi nne mfululizo nilikwenda kukaa kwenye gereji moja ya Soweto, hapa hapa Mbeya, nikinunua chai na maandazi, nikiangalia magari gani yanaingia na yanatoka baada ya muda gani. Mambo haya hutayapata kwa muuzaji. Kuna gari lililokuwa pale Jumamosi ya kwanza na ya nne nikalikuta, vumbi limejaa kioo. Na kuna magari yaliyoingia asubuhi yakatoka saa tisa. Fundi mkuu, baba wa makamo, alinieleza hivi: "Mdogo wangu, Toyota Crown ikinifia leo, spea naichukua kwa jirani hapo, jioni unaondoka. Hiyo yako nilikuwa nasubiri basi."

Ndiyo maana kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka starehe kwa fedha za mwanzo wa kazi, mimi namwelekeza kwenye Toyota zilizotengenezwa kwa ajili ya wakubwa wa Japani: Crown, Mark X, Harrier. Harrier ya kizazi cha 2003 nje ya Japani iliuzwa kama Lexus RX, kwa hiyo hujapunjwa heshima yoyote. Lakini hata hapa usinunue jina. Fungua boneti, tafuta kibati cha kiwandani, usome herufi na namba za modeli. Harrier yenye ACU30 au ACU35 ina injini ya 2.4, 2AZ-FE, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Mwulize fundi wako kuhusu ulaji wa oili, kwa sababu injini hiyo inajulikana kwa hilo. Yenye MCU ina V6 (injini ya silinda sita) ya lita 3.0, 1MZ-FE, tamu kuendesha, lakini inatumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita kama 100,000. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa na punguza bei. Crown ya 2003 hadi 2008 yenye GRS180, pamoja na Mark X iliyotoka 2004, nyingi zina V6 ya lita 2.5 iitwayo 4GR-FSE. Injini hiyo hupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na hujaa masizi. Dalili yake ni gari kutetemeka likiwa limesimama huku linanguruma. Linatibika, lakini ulijue kabla hujatoa fedha.

Magari yenye shokapu za upepo, kama Crown Majesta, Discovery 3 na baadhi ya Benzi kubwa, yana raha isiyo na mfano kwenye barabara mbovu. Ukilipenda mojawapo, omba uliangalie asubuhi kabla halijaguswa. Likiwa limelala kona moja, upepo unavuja, na matengenezo yake yanaweza kumeza mishahara kadhaa.

Sasa nije kwenye kupima, maana hapa ndipo Mbeya inapokusaidia kuliko mahali pengi Tanzania.

Jiji letu lipo kwenye mwinuko wa kama mita 1,700. Mama zetu wanajua maharage hapa yanachelewa kuiva, kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Ndani ya rejeta ni kifuniko kinachobana mgandamizo ili maji yasichemke mapema, na kifuniko kilicholegea ambacho Dar kingevumilika, huku kitakuaibisha mlimani. Hewa pia ni nyepesi: injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililochoka haliwezi kujificha huku.

Crown niliyonunua ilikuwa ya mstaafu mmoja wa Uyole, hapa Mbeya. Nilimwomba asiiwashe, nikafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, nyasi zina umande uliokaribia kuganda. Kwanza niliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ungekuta ina joto, ujue mtu ameipasha ili isikuonyeshe inavyowaka ikiwa baridi. Nikageuza ufunguo bila kuwasha injini nikaangalia taa: ya injini, ya breki za ABS, ya mifuko ya hewa. Zote lazima ziwake kwanza, kisha zizime injini ikishawaka. Taa ambayo haiwaki kabisa inatisha kuliko inayowaka, kwa sababu inawezekana kuna mtu kaichomoa au kaiziba.

Ikawashwa. Kwenye baridi yetu moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni kulanti inaingia kwenye silinda. Hapo mshukuru mwenye gari, uondoke. Nilifungua kifuniko cha oili nikaona povu kidogo la rangi ya maziwa, moyo ukashtuka. Fundi niliyekwenda naye akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakichovya tena, akanionyesha: oili safi, ya kahawia. Povu dogo kwenye kifuniko peke yake laweza kuwa unyevu wa baridi kwa gari linalotembea safari fupi. Povu likiwa mpaka kwenye kijiti, hiyo ni gasketi ya silinda hedi imekufa. Peke yangu ningeliacha gari zuri siku ile, na ndiyo sababu nasisitiza uende na fundi na umlipe siku yake bila kumpunja.

Kisha tukashika barabara ya Tukuyu, tukapanda mpaka Isyonje, kiyoyozi kimewashwa, watu wanne ndani. Niliangalia mshale wa joto kama daktari anayeangalia mgonjwa. Ulipanda, ukafika katikati, ukatulia pale. Gia zilibadilika bila kushtuka. Kwenye kuteremka upande wa Kiwira nikakanyaga breki taratibu, kisha kwa nguvu, nikisikiliza kama usukani unatetemeka. Ukitetemeka, diski zimepinda. Huku kwetu breki si jambo la kujadili. Anayepita Mlima Nyoka na Iwambi anajua tumezika watu wangapi. Na ukishalipata gari lako, teremka ukiwa kwenye gia ndogo, usiweke huru eti unaokoa mafuta.

Tuliporudi fundi akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Hapa kuna ujanja wachache wanaujua: taa ya injini ikifutwa jana yake, mashine haitaonyesha hitilafu, lakini itaonyesha vipimo vya ndani vya gari havijakamilika, kwa sababu vinahitaji mwendo wa kutosha ili vikamilike upya. Ukikuta vingi havijakamilika kwa gari linalodaiwa linatembea kila siku, uliza kulikoni.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini zenyewe. Linganisha na raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, mara nyingi una lebo ya tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa mpya kuliko mwaka wa kwenye kadi, huenda mkanda umebadilishwa baada ya ajali. Na "namba D", yaani herufi inayofuata tarakimu kwenye namba ya usajili, inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Umri wake Japani ni habari nyingine.

Karatasi nitapita haraka. Namba ya chesisi ilingane na kadi, mwenye jina awepo mwenyewe, angalia deni la trafiki na uhai wa bima kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA kabla hujamaliza kulipa. Ukielekezwa gari rahisi Tunduma lenye namba za Zambia, ushuru wake usipolipwa hutapata kadi, na gari bila kadi si lako.

Fedha: ukiwa na milioni kumi na nane, tafuta gari la kumi na tatu. Zinazobaki ni za tairi, bushi, oili zote na lile jambo moja ambalo hukuliona. Usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kujazia. Na piga hesabu ya mafuta kwa bei za Mbeya zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, siyo za Dar, maana lita huku ni ghali zaidi kwa sababu ya usafirishaji. V6 mjini haina huruma.

Yule mzee wa Uyole alitaka kumi na sita, tukakubaliana kumi na nne na nusu. Baada ya kusaini aliingia ndani akatoka na ufunguo wa pili na daftari la shule la kurasa 48, ameandika kwa mkono kila siku aliyobadilisha oili na kilomita zake. Ndaga, baba, yaani asante kwa Kinyakyusa. Ni mwaka wa nne sasa, nami naendelea kuandika kwenye daftari lile lile.

Binamu yangu nimemwambia amwombe mwenye sedani tukutane Uyole Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Mpaka naandika hapa, hajajibiwa.