Kusukuma chuma juu ya kichwa: uso ndio ukipishe chuma

Anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani hutembea mwendo mrefu kwa sababu maji yako juu ya miguu yake. Mwambie aishike ndoo hiyohiyo kwa mikono iliyonyooshwa mbele, nusu dakika ni nyingi. Kusukuma chuma, yaani fimbo ndefu ya mazoezi inayovishwa pleti (sahani za uzito) kila upande, kutoka mabegani hadi juu ya kichwa ni hesabu hiyo. Chuma kikae juu ya katikati ya unyayo tangu mwanzo hadi mwisho, na kikisogea mbele sentimita chache tu, uzito uleule unakuwa mgumu zaidi kwa bega na kiuno.

Tatizo ni kwamba njiani kuna kidevu na pua. Wengi hukizungusha chuma mbele ya uso, kikapita kwa upinde, halafu kinakwama usawa wa paji la uso. Wanadhani mabega yao ni dhaifu. Mara nyingi bega lina nguvu ya kutosha, ila chuma kimeshaenda mbali nalo. Dawa ni uso kukipisha chuma.

Anza na mshiko. Weka stendi ili chuma kiwe usawa wa katikati ya kifua, usilazimike kusimama kwa vidole vya miguu ili kukichukua. Shika upana unaozidi mabega kidogo tu. Kipimo ni kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja: mtu akikutazama kwa mbele, kisimame wima chuma kikiwa begani. Ukishika kwa upana mno, nguvu inatawanyika pembeni. Chuma kilale chini kabisa ya kiganja, juu ya mfupa wa kigasha, si kwenye mizizi ya vidole. Kikilala vidoleni, kiganja kinapinda nyuma, na baada ya wiki chache utaumwa kifundo cha mkono bila kujua sababu. Viwiko viwe mbele ya chuma kidogo. Vikibaki nyuma yake, chuma kitatupwa mbele mara tu unapoanza kusukuma.

Miguu iwe upana wa nyonga, magoti yamenyooka. Kaza makalio na mapaja, vuta pumzi ijae tumboni, kisha kaza tumbo kama unayesubiri kupigwa ngumi. Hapo ndipo watu hufanya haraka, na hapo ndipo kiuno kinapoponea au kuumia. Makalio yakilegea, mbavu hufunguka, mgongo wa chini hupinda, na zoezi la bega linageuka kuwa la kifua huku pingili za kiuno zikibeba mzigo. Mashindano ya kunyanyua uzito ya Olimpiki yaliwahi kuwa na zoezi hili. Liliondolewa baada ya Munich 1972, maana wanyanyuaji walikuwa wakilala nyuma kiasi kwamba waamuzi walishindwa kuamua kipi halali.

Sasa sukuma. Rudisha kidevu nyuma, chuma kipite karibu na pua kiasi cha kukufanya uogope kidogo. Kikishavuka paji la uso, ingiza kichwa na kifua chini yake, kama mtu anayechungulia dirishani. Mwishoni viwiko vimenyooka kabisa, chuma kiko juu ya shingo na katikati ya unyayo, na mabega yameinuliwa kuelekea masikioni. Usiyavute mabega chini ukiwa pale juu: mfupa wa bapa la bega unatakiwa kuzunguka kwenda juu pamoja na mkono, la sivyo bega linabanwa. Shusha kwa njia ileile hadi mabegani, toa pumzi, vuta nyingine, rudia.

Magoti yakikunjwa hata kidogo ili kusaidia, hilo ni zoezi jingine. Ni zuri, ila usilihesabu kama hili.

Kuhusu uzito, vumilia. Chuma cha kawaida cha mashindano ya wanaume ni kilo 20, cha wanawake kilo 15, na kwa anayeanza kinaweza kutosha kikiwa kitupu. Tumia dambeli, yaani vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono, kama bado ni kizito. Fanya seti (mafungu) 3 za marudio 5, pumzika dakika 3 kati yake. Pleti ndogo katika jimu nyingi ni kilo 1.25, yaani unaongeza kilo 2.5 kwa mara moja. Kwa anayechuchumaa na kilo 80 hiyo ni asilimia 3 hivi. Kwa anayesukuma kilo 30 ni zaidi ya 8. Ndiyo maana zoezi hili hugoma mapema kuliko mengine. Tafuta pleti za nusu kilo, au ongeza marudio hadi 8 kabla ya kuongeza uzito.

Wanaotumia bomba lenye makopo ya saruji wapime kila upande kwenye mizani ya dukani. Tofauti ya kilo moja haionekani kwa macho, lakini bega moja litaisikia.

Kabla ya yote, egemea ukuta, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, mgongo wa chini umegusa. Inua mikono iliyonyooka. Ikiwa dole gumba haligusi ukuta mpaka mbavu zifunguke, kwapa na mgongo wa juu vimekaza. Ning'inia kwenye bomba sekunde 20 hadi 30, mara 3, kila siku ya mazoezi, na kwa sasa sukuma dambeli. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya bega si ya kuvumilia: acha siku hiyo, na yakirudi muone mtaalamu wa viungo.

Mwisho, simu. Iweke pembeni yako, usawa wa kifua, urekodi seti ya mwisho, ile nzito. Tazama ncha ya chuma peke yake: ikichora upinde kwenda mbele, punguza kilo 5 urudie.