Mbwa ndani ya gari, vioo vikiwa wazi kidogo

Je, unaweza kumwacha mbwa ndani ya gari ukiacha vioo wazi kidogo? Hapana, haisaidii kitu, hata kama unaingia dukani dakika tano tu. Nje ikiwa nyuzi 24, yaani siku ya kawaida kabisa, ndani ya gari lililopaki juani joto linafika kama 34 kwa dakika 10 na nusu saa ni 43 hivi, na watu walishapima vioo vikiwa vimeshushwa kidogo, tofauti ikawa ndogo mno. Shida ni kwamba mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ni kidogo tu kwenye nyayo, kazi kubwa anaifanya kwa kuhema ulimi nje, sasa hewa anayovuta ikishakuwa ya moto kuliko mwili wake hata ahemeje hapoi vizuri. Wale wenye pua fupi iliyobonyea ndo wanazidiwa haraka zaidi. Ukiacha AC inawaka ni stori nyingine, ila injini ikizima je? Mi simwachi. Ukikuta ameshalegea mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, halafu ndo umkimbize kwa daktari wa mifugo, usianze na safari.