Mtoto anasoma shairi kama orodha ya dukani

SWALI: Binti yangu yuko darasa la pili. Anasoma vizuri, ila shairi la mvua au ndege linamchosha upesi. Nifanyeje? — Mama wa Morogoro

JIBU: Mama, anza na mistari miwili tu, yenye maneno anayoyajua. Mfano:

Mvua inakuja kasi, upepo watangulia,
Yanyesha bila kiasi, majani yafurahia.

Msomee mara mbili, yeye asikilize tu, kitabu kikiwa kimefungwa. Kisha pigeni makofi kwa kila mizani, yaani silabi: kila kipande, kabla na baada ya mkato, kina nane. Hapa wengi hukosea, kwa sababu “mvua” ina mizani mbili, mvu-a. Ile “m” haisimami peke yake. Halafu asome mwenyewe, akifuata kwa kidole na kutua penye mkato. Asipotua, vina vya kati, yaani sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande vya kwanza (kasi, kiasi), vinapotea, na hapo ndipo shairi linageuka orodha.

Mtoke nje wingu likitanda. Je, upepo unatangulia kweli? Mwache abishane na shairi.

Kesho yake abadilishe neno moja. Akisema “vyura wafurahia”, makofi yatakuwa saba; mwache atafute mwenyewe pengo hadi apate “na vyura wafurahia”. Zoezi hili ndilo lenye faida kuliko yote.

Dakika kumi zatosha. Tafadhali usianze na “shairi linatufundisha nini?” Swali hilo linaligeuza kuwa mtihani kabla hajalionja.